Mwalimu, analala na yeboyebo miguuni

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Ninaishi Mtwara Vijijini, kijiji kisicho mbali na Mto Ruvuma. Nina watoto watatu wa kuwazaa, na tangu mwaka jana nina wa nne, mtoto wa kaka yangu. Kaka ni mzaliwa wa hapahapa. Alivuka kwenda Palma, Msumbiji, kwenye biashara ya samaki, akaoa hukohuko. Siku Palma ilipovamiwa na magaidi, Machi 2021, yeye alikuwa sokoni. Mkewe akamshika mtoto mkono wakakimbia, mtoto mwenyewe ana miaka 6, wakalala porini siku kadhaa, mwisho wakafika Mueda, hukohuko Msumbiji, wakapokewa na watu. Kaka hajaonekana mpaka leo. Mwaka juzi wifi yangu naye akaumwa, akafariki. Ndipo mjomba wa mtoto akamvusha mto kwa mtumbwi akaniletea, na kifuko kimoja cha nguo.

Sasa ana miaka 10. Kimakonde tunaelewana vizuri. Kiswahili anakisikia ila kujibu ni shida.

Mwalimu, mtoto huyu analala na yeboyebo miguuni. Nikimvua usiku, alfajiri nakuta amezivaa tena. Anakojoa kitandani karibu kila siku, na wanangu wamempa jina la kikojozi. Anaweweseka. Mwezi wa saba jirani aliwasha mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho yake, mtoto akatoka mbio na mswaki mdomoni. Tulimtafuta mpaka saa nane mchana. Alikuwa amejikunyata chini ya mkorosho ambao matawi yake yameshuka yamegusa ardhi, hata ukipita karibu huoni kama kuna mtu.

Shuleni wamemweka darasa la kwanza na watoto wa miaka 6. Hasemi. Mwalimu wake anasema ni mzito, na amemchapa mara mbili kwa kutoka darasani bila ruhusa. Watoto wanamwita "mkimbizi", wengine wanamwita "gaidi". Lakini nyumbani, tukianika korosho, yeye huhesabu. Anapanga kumi kumi, ikifika mia anaweka kokoto pembeni, na hakosei. Mdomo wake nauona unacheza, sijui anahesabu kwa lugha gani.

Mume wangu si mtu mbaya. Anasema tumtoe shule, atusaidie shambani mpaka apone, kwa sababu huko anaumia bure. Mama mkwe anasema kaja na mashetani ya porini, apelekwe kwa fundi akapungwe. Baba mkwe anasema likizo ya Desemba aingie jandoni na wenzake, atatoka mwanaume. Mimi kila mmoja namjibu "sawa". Na usiku nampa mtoto kidonge cha mafua ili alale.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Aliniuliza baba yake atakuja lini. Nikamwambia yuko Dar es Salaam, kazini. Juzi amekuja kuniomba nauli.

Shangazi mtu, Mtwara Vijijini

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na la mumeo kwa sababu ndilo lenye haraka: msimtoe shule. Nakuomba usome barua hii pamoja naye, kwa maana hoja yake imetoka kwenye huruma na anastahili kujibiwa, asipuuzwe.

Mumeo anaona shule ndiyo inayomuumiza. Kinachomuumiza ni fimbo, matusi na kukaa na watoto wadogo, na hayo yote yanarekebishika. Shule yenyewe ni sehemu ya matibabu. Mtoto huyu siku moja aliamka na baba, nyumba na wenzake wa kucheza nao, jioni hana hata kimoja. Anachokihitaji sasa ni siku zinazofanana. Ajue kengele italia saa ngapi, uji ni saa ngapi, daftari gani linafuata, nani atakaa pembeni yake. Ukimpeleka shambani umempa kazi, lakini umemtenga na wenzake wa rika lake, na miaka miwili tu ya namna hiyo ikipita hatakubali tena kurudi darasani. Nimefundisha miaka mingi mkoani Lindi na nimewaona waliotoka "kwa muda".

Sasa tuelewane ni nini kinachomsumbua. Wewe ni wa bonde la Ruvuma, bila shaka umewahi kulala dunguni ukilinda mpunga. Unajua usingizi wa dunguni ulivyo. Jani likicheza, uko macho. Nguruwe akikanyaga kijiti, moyo unapiga kabla hujajua umesikia nini. Asubuhi unashuka, unakwenda nyumbani, unalala kweli. Mwanao hajashuka dunguni tangu Machi 2021. Mwili wake uko lindo mchana na usiku, na mashine ya salfa kwake haikuwa mashine ya salfa. Ukishaliona hivyo, utaelewa kwa nini anatoka darasani bila ruhusa: hakuna mlinzi anayeomba ruhusa ya kukimbia hatari. Utaelewa pia kwa nini anaonekana mzito. Akili iliyo kazini kusikiliza mlango haina nafasi ya kusikiliza silabi.

Na yeboyebo ndiyo hiyohiyo. Anajiandaa kukimbia. Pengine usiku ule wa kwanza alikimbia pekupeku, hatujui, na usimuulize. Mwache azivae. Ukiweza, mnunulie jozi ya pili iwe ya kulalia tu, safi, umwambie: "Hizi zako za usiku." Siku mwili wake ukiamini kwamba nyumba yako haikimbiwi, atazivua mwenyewe. Ukimvua wewe akiwa amelala, unamthibitishia kwamba akisinzia vitu vinaondoka.

Kukojoa kitandani hakuzuiliki kwa aibu. Mpitishe zahanati kwanza wampime mkojo, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo au kisukari huweza kufanya hivyo, na haipendezi tukalaumu vita kumbe ni ugonjwa wa kutibika. Majibu yakiwa mazuri, basi huenda ni hofu, na ni jambo la kawaida sana kwa watoto waliopitia makubwa, hata wakubwa kuliko yeye. Apunguze kunywa baada ya magharibi, umwamshe kabla wewe hujalala, tandika nailoni chini ya shuka, na asubuhi fueni bila maneno. Hao wanao wengine wakalishe chini. Neno "kikojozi" life leo hiihii.

Vidonge vya mafua acha. Kumlewesha mtoto kila usiku ni kumfunika, na jinamizi analoota linabaki palepale. Usimnunulie dawa yoyote ya usingizi dukani.

Mama mkwe usigombane naye. Kama familia inataka dua, shehe aje mchana, asome taratibu, mtoto amekaa karibu nawe, hiyo haina madhara na inaweza hata kumpa utulivu. Lakini kupungwa kwa ngoma usiku kucha, mafusho yanamfukiza, watu wanapiga kelele wamemzunguka? Mtoto aliyekimbia mji unaowaka moto? Hapana, mwanangu. Hapo simama. Hiyo "sawa" yako unayomjibu kila mtu inabidi ipumzike.

Jando nalo lisubiri. Naheshimu mila, na baba mkwe anamkaribisha mtoto kwenye ukoo, hilo ni jema, mshukuru. Mwambie tu kwamba kumtoa mtoto huyu nyumbani kumpeleka kambini porini, usiku, na watu wazima anaowaogopa, ni kumrudisha alikotoka. Kama hajatahiriwa, hospitali ipo. Mafunzo ya utu uzima mzee anaweza kumpa mwenyewe, wakiwa wawili chini ya mkorosho. Nadhani mzee atapenda kuombwa hivyo.

Shuleni sasa. Nenda na mumeo, na mwende kwa mwalimu mkuu kabla ya kumwona mwalimu wa darasa. Msiende kushitaki. Elezeni mtoto katoka wapi, kwa ufupi, bila mtoto kuwapo, na mwalimu aombwe asilitangaze darasani. Halafu muombe mambo machache. Apimwe hesabu kwa mdomo na kwa korosho au kokoto, siyo kwa kusoma Kiswahili kwenye karatasi, kwa sababu mtoto anayepanga kumi kumi na kuweka kokoto kwenye mia hana uzito wowote wa kichwa. Kama alianza shule huko Msumbiji, hesabu zake huenda ziko kwa Kireno, na ndiyo maana midomo inacheza usielewe. Huenda nafasi yake ni darasa la tatu na msaada wa kusoma. Mwulize pia mwalimu mkuu kama shule yenu au ya jirani ina darasa la MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Uliwekwa kwa ajili ya watoto waliopitwa na umri kama yeye. Ada haitakiwi, elimu ya msingi ni bila ada tangu 2016.

Kuhusu fimbo, nitasema nikiwa mtu niliyeishika. Kanuni zetu zinaruhusu kiboko kwa mwalimu mkuu au yule aliyemteua kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Haziruhusu kila mwalimu kuchapa kila anapoudhika. Lakini hata kama kanuni ingeruhusu, kumchapa mtoto huyu kwa kukimbia ni kumthibitishia kwamba alikuwa na sababu ya kukimbia. Badala yake wakubaliane ishara. Akae mwisho, mgongo ukutani, mlango anauona. Akizidiwa ainue mkono tu, atoke, akae chini ya mti mahali mwalimu anapomwona kwa dirishani, akitulia arudi. Mwanzoni atatoka mara tano kwa siku. Msihesabu.

Nitakusimulia jambo. Vita ya ukombozi ya Msumbiji ilianza Septemba 1964, na watu wakavuka Ruvuma kwa maelfu. Wengi waliwekwa Rutamba, huku kwetu Lindi. Mimi nilisoma darasa moja na kijana mmoja wa kutoka ng'ambo. Ndege ikipita angani, yeye yuko chini ya dawati. Sisi tulicheka siku ya kwanza. Siku ya pili mwalimu wetu alikuwa anatusomea hadithi, ndege ikapita, kijana akaingia chini. Mwalimu hakusema kitu. Alikwenda na kitabu chake, akachuchumaa pale kwenye lile dawati, akaendelea kusoma akiwa amechuchumaa mpaka hadithi ikaisha. Tulilazimika kunyamaza ili tusikie. Hakuna aliyecheka tena, na kijana yule kufikia mwisho wa mwaka alikuwa anainua tu macho, anaangalia ndege ikienda, anaendelea kuandika. Nimekuwa mwalimu kwa sababu ya siku ile, ingawa nilichelewa sana kuiga alichokifanya.

Kwa hiyo, kama shule yenu inagonga rimu la gari kwa chuma, kama shule nyingi za huku, mwombe mwalimu mkuu ampe mwanao zamu ya kengele. Namaanisha hasa. Sauti inayomrusha mtu ikitoka kwenye mkono wake mwenyewe haimrushi kwa nguvu ileile, na watoto hupata jina jipya la kumwita.

Hilo la "gaidi" walimu walikomeshe kwa ukali. Mtoto huyu aliwakimbia watu wa aina hiyo. Na sisi watu wa kusini hatuna haki ya kusahau: Oktoba 2020 Kitaya ya Mtwara ilivamiwa, upande huu wa mto, na wapo wa kwetu waliokimbia usiku kama yeye. Mzazi anayemfundisha mwanawe kumwita mwenzake gaidi ajiulize angependa mwanawe aitwe nani siku hiyo.

Hili la "mkimbizi" nalo tulinyooshe. Kama kaka yako ni raia wa kuzaliwa, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtambua mwanawe aliyezaliwa nje kuwa raia kwa kurithi. Anza kwa mtendaji wa kijiji, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na mwombe akuongoze kwenye ofisi ya Uhamiaji. Beba cheti chochote cha kaka, hata cha darasa la saba, na mzee mmoja au wawili wanaomjua tangu utoto. Lifanye mapema, kabla ya mitihani ya kumaliza shule ya msingi kuanza kudai karatasi. Na wewe msomaji mwingine uliyepokea mtoto asiye na mzazi Mtanzania, ustawi wa jamii ni kwako pia: Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na kifungu cha 22 kinamtaja mtoto mkimbizi kwa jina, alindwe na asaidiwe. Usimfiche mtoto. Mtoto aliyefichwa hasomi.

Je, atapona bila daktari? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwenye maeneo yaliyopitiwa na vita, mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili. Waliobaki hutikisika sana, lakini wakipata usalama, mtu wa kuwapenda na ratiba, hutulia wenyewe. Mwanao nina wasiwasi ni wa kundi la kwanza, kwa sababu ni miaka mingi imepita na bado anakimbia, hasemi, halali. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa pale mjini, uulize huduma ya afya ya akili, na useme wazi ni mtoto aliyepitia vita. Watamtibu kwa mazungumzo, mara nyingi kwa michoro na michezo, hatua kwa hatua. Usiogope neno "akili". Hakuna anayesema ni kichaa. Ukiona anajiumiza, anasema afadhali afe, au amekataa chakula siku mbili, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo. Na ukikwama usijue uanzie wapi, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Nyumbani usimlazimishe kusimulia. Wapo watakaokwambia "atoe yote moyoni apate nafuu". Kumchimba mtoto kunamrudisha pale. Akianza mwenyewe, acha unachofanya, msikilize, usimkatishe kwa "basi, usilie". Akichora au akicheza vita na wenzake, mwache acheze, ukae karibu.

Nimeliacha la nauli mwisho kwa sababu ni zito, na kwa sababu najua ulidanganya kwa mapenzi. Lakini fikiria anachokiwaza sasa: baba yuko mji ninaoweza kuufikia kwa basi, na hajaja kunichukua. Uongo ule umempa baba aliye hai na asiyemtaka. Ukweli unauma zaidi kwa siku moja, ila baada ya hapo unashikika.

Kabla ya kuzungumza naye, fanya hili: nenda Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania. Wao pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu wana huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana vitani, bila malipo. Toa jina la kaka, alikokaa, kazi yake, na siku aliyoonekana mara ya mwisho. Siahidi kwamba watampata. Ila utakuwa na jambo la kweli la kumwambia mtoto kwamba limefanyika.

Kisha chagua mchana, siku isiyo na pilika, mkiwa mnapanga korosho. Usichague usiku, na usimketishe kama mshitakiwa. Mikono yenu iwe na kazi. Mwambie kwa Kimakonde: "Nilikwambia baba yako yuko Dar es Salaam. Haikuwa kweli, nilikosea, nisamehe. Sijui alipo. Tangu siku ile ya Palma hakuna aliyemwona. Nimepeleka jina lake kwa watu wanaotafuta. Hakukuacha kwa kutokupenda. Na wewe unakaa hapa kwangu, leo na mwakani." Halafu nyamaza. Anaweza kulia, anaweza kuinuka akaenda chini ya mkorosho wake, anaweza kuendelea kuhesabu kama hakusikia. Usimfuate mbio. Mpe muda kidogo, kisha nenda na maji, ukae kando ya matawi. Kesho akiuliza tena, mjibu maneno yaleyale.